Fumbwe wa kwetu yuko California: amefikaje, na huko anamtagia nani?

#1 Kipanga_Irvine
Wakuu, habari za humu.

Naishi Orange County, kusini mwa California. Jumamosi asubuhi nilikuwa Upper Newport Bay, ile hifadhi ya ghuba yenye miinuko iliyojaa vichaka, natafuta ndege wa chaparali, yaani vichaka vya asili vya California. Nilipofika ukingoni mwa njia, pale vichaka vinapoishia na nyasi zinapoanza, nikakutana na dume la fumbwe. Sisemi ndege anayefanana na fumbwe, nasema fumbwe mwenyewe: mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu, na zile nyoya nne za mkia zilizo ndefu kuliko mwili wake wote. Alikuwa anaelea hewani juu ya jike, anapanda na kushuka palepale, mkia unarukaruka chini yake. Jike katulia juu ya waya wa uzio, anajisafisha bawa.

Mimi nimekulia Morogoro. Ndege huyu nimemwona kwenye nyasi za nyuma ya shule tangu mtoto, siwezi kumkosea.

Maswali yangu mawili. Kwanza, amefikaje huku? Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: fumbwe hajengi kiota, ni doezi, hutaga kwenye viota vya wenzake. Wale walezi wake wa Afrika, vile vidogo vyenye mstari mwekundu jichoni, huku havipo. Sasa mayai anampelekea nani?

#2 Kijana_wa_Ilala
Nimeweka kigoda hapa. Waje wenye ndege zao.

#3 Dereva_LongBeach
Kipanga, hujaota. Fumbwe wapo Los Angeles, wapo Orange County, wapo hadi San Diego. Mimi huwaona kwenye bustani za umma, zile zenye majani yanayomwagiliwa na bomba mwaka mzima. Kiangazi dume anavaa mkia, baridi ikikaribia anaudondosha na kuwa na michirizi ya kahawia kama jike, na hapo watu wengi wanampita bila kumjua.

Na hayuko peke yake. Kandokando ya mto wa Los Angeles kuna kweche wekundu wa Afrika. Kwenye mabwawa utakuta mabata bukini wa Misri wanatembea na vifaranga vyao hawana wasiwasi. Afrika ya ndege ipo huku, mkuu.

#4 MtuWaTanga
Hii ni tabianchi wakuu. Joto likibadilika ndege nao wanahama. Halafu pepo za siku hizi zina nguvu, ndege wa gramu chache akikamatwa na upepo atashukia popote.

#5 Mwalimu_Biolojia
MtuWaTanga, ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Fumbwe si mhamaji wa masafa marefu, anazungukazunguka kufuata mvua na mbegu. Kutoka kusini mwa Sahara hadi pwani ya Pasifiki kuna Atlantiki nzima, halafu bara zima la Marekani. Upepo ungemwangusha Brazil au Karibi kwanza, usingemchagulia bustani za Los Angeles.

Jibu ni tundu. Fumbwe dume akivaa mkia ni pambo, na biashara ya ndege wadogo wa Afrika ilikuwa kubwa sana miaka ya 1980. Senegal na Tanzania zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakuu. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wengi wa porini kwa sheria ya mwaka 1992. Ulaya ikafunga mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na 2007 ikaufanya mfungo huo kuwa wa kudumu. Tanzania nayo ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Waliotangulia kuingia walishaingia, na tundu likifunguka halirudishi.

Kuhusu swali la pili: mlezi anayetajwa huko ni munia, ndege mdogo wa kahawia mwenye magamba kifuani, asili yake Asia ya kusini. Naye alifika kwa tundu hilohilo. Amestawi kusini mwa California kiasi kwamba mwaka 2013 aliingizwa kwenye orodha rasmi ya ndege wa Amerika Kaskazini.

#6 Kijana_wa_Ilala
Kwa hiyo Mwafrika kamtagia Mwasia, na wote wawili wako Marekani bila viza 😂

#7 BintiMvita
Mwalimu, shukrani, lakini usiifungie meli mlango upesi hivyo. Sisi Mombasa tunao kunguru wa Bara Hindi, wale wenye shingo ya kijivu. Zanzibar waliletwa kwa makusudi miaka ya 1890 wasafishe mji, baadaye wakaenea pwani nzima. Lakini zipo bandari nyingine duniani ambako kunguru hawa walishuka kwenye meli wenyewe bila kuletwa na mtu. Hoek van Holland kule Uholanzi walijianzishia ukoo. Na Long Beach ni bandari kubwa, jamani.

#8 Mwalimu_Biolojia
BintiMvita, kunguru anakula makombo ya mabaharia. Fumbwe anataka mbegu ndogondogo za nyasi kila siku. Majuma kadhaa baharini atakula nini?

#9 BintiMvita
Meli za nafaka je? Ninachosema ni kwamba haujafungwa mjadala.

#10 Mkulima_Mbarali
Wakuu mimi naingia kwa shida yangu. Huku tunapigana na kwelea kwenye mpunga hadi tunalala shambani. Huyo fumbwe akizaana California si atawamaliza wakulima wao?

#11 Dereva_LongBeach
Hapana, mzee. Kwelea anakuja kwa makundi yasiyohesabika. Fumbwe dume ana jike kadhaa na kieneo chake, na anakifukuzia kila kiumbe, hata ndege waliomzidi ukubwa. Chakula chake ni mbegu zilizokwisha kudondoka chini. Shamba la mpunga kwake wala si mpango.

#12 Fundi_Bustani_SD
Salaam kwenu. Kazi yangu ni kurudisha mimea ya asili kwenye miinuko ya San Diego, na jambo moja nalirekebisha kabla halijaota mizizi humu.

Kipanga, ulipokuwa umesimama si chaparali halisi. Chaparali ni vichaka vigumu, majani madogo magumu ya ngozi yasiyodondoka kiangazi, vinakupita kimo na huwezi kupenya bila kuchanika nguo. Ule uoto wa chini wa majani laini ya kijivu, ukiyasugua yanatoa harufu kali ya dawa, na kiangazi mengi yanakauka na kupukutika, ni vichaka vya mpwa vya *Artemisia californica* na wenzake. Chaparali inaanza ukipanda milima nyuma ya Laguna. Watu wanaziita zote jina moja kwa sababu zimepakana, lakini ndege wanajua tofauti.

Kwenye vile laini ndiko anakoishi *Polioptila californica*, kijivu, gramu sita hivi, anayelia kama paka mchanga. Mwaka 1993 serikali ya shirikisho ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa sababu pwani ndiko nyumba zilikojengwa na vichaka vyake vikaondoka. Kwenye vile vigumu ndiko anakotawala *Chamaea fasciata*. Huyo utamsikia kabla hujamwona: milio inaanza polepole, inaharakishwa hadi inakuwa mtetemo mmoja. Utasimama mita mbili kutoka kwake na usione hata unyoya. Dume na jike hukaa pamoja mwaka mzima kwenye kieneo chao kilekile, na kwa kawaida mtoto akikua haendi mbali.

Sasa fumbwe anaingilia wapi? Anaingilia kwenye majeraha. Chaparali ikiungua baada ya miongo mingi inajirudisha yenyewe: mingine inachipua kutoka kwenye kisiki, mingine mbegu zake zinaamshwa na joto na moshi. Ikiungua tena baada ya miaka michache, vichaka vinakufa kabla havijaweka mbegu, na mahali pake panashikwa na haradali, shamari na shayiri mwitu, vyote vya kutoka Ulaya na Mediterania. Moto wa Laguna wa Oktoba 1993 ulikula zaidi ya ekari 14,000 kwa upepo mmoja wa jangwani. Zipo sehemu za miinuko ya pwani ambazo hadi leo ni nyasi za kigeni tupu.

Nyasi hizo zinazaa mbegu, mbegu zinamlisha munia, munia anamlea fumbwe. Ndani ya chaparali nzima fumbwe hutamkuta. Mtazame alipo utaona: uzio, njia, bomba la maji, nyasi.

#13 Kipanga_Irvine
Fundi, asante sana. Hapo kwenye uzio umenigusa, ndivyo ilivyokuwa hasa. Niongeze kitu nilichokiona siku hiyo na sikukiandika. Jike aliposhuka chini alikuwa anaruka nyuma kwa miguu yote miwili kwa mpigo, anafukua vumbi na majani makavu, halafu anadonoa. Hatua chache kutoka kwake, chini ya kichaka, kulikuwa na *Melozone crissalis*, yule wa kahawia mwenye kutu chini ya mkia, mzaliwa wa hapahapa. Naye anafukua vilevile, miguu miwili, nyuma. Wa Morogoro na wa California, mtindo mmoja, na hakuna aliyemjali mwenzake.

#14 Mwanachuo_SUA
Nilikuwa nasoma kimyakimya, swali la mlezi limenitoa.

Jamii hii ya ndege inamkumbuka aliyemlea. Robert Payne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walifanya jaribio kwa ndugu wa fumbwe, wale weusi wa bluu. Waliwalelesha kwa ndege wa kufugwa wa Asia badala ya mlezi wao wa kawaida. Madume yalipokua yakaimba nyimbo za huyo mlezi mpya, na majike yakataga kwenye viota vyake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo fumbwe aliyekuzwa na munia, akiwa mkubwa atamtafuta munia. Kizazi kimoja kinatosha kuhamisha ukoo mzima.

#15 BintiMvita
Vizuri mdogo wangu. Sasa niambie: yule jike wa kwanza kabisa, aliyetoka tunduni, yeye alilelewa na nani? Hakulelewa na munia. Alitoka Afrika akiwa mzima. Kwa nini alikwenda kwa munia?

#16 Mwanachuo_SUA
Dada, hapo umenibana. Naona njia mbili. Ya kwanza, alikuwa na yai tumboni na hakuona mwingine. Munia anajenga kiota cha duara cha nyasi chenye mlango ubavuni, kinachokaribiana na cha walezi wake wa nyumbani. Ya pili, huenda walezi wa Afrika nao walitoroka matunduni wakaishi huko kwa muda, wakawa daraja, kisha wakapotea.

#17 Mwalimu_Biolojia
Naongeza ya tatu. Huenda walizaliana ndani ya matundu makubwa ya wafugaji, fumbwe na munia wakiwa wamechanganywa humo. Waliotoka wakatoka na mlezi wao tayari.

Kinachonishangaza zaidi ni mdomo wa kifaranga. Afrika kifaranga cha fumbwe kina alama mdomoni zinazoiga za watoto wa mlezi, na mlezi akiziona anajaza chakula. Watoto wa munia alama zao si zile. Na bado munia analisha. Ama macho ya munia si makali kama tulivyodhani, ama kelele za njaa zinatosha bila alama.

#18 Mwanachuo_SUA
Mwalimu, fumbwe anafahamika kwa kutobagua sana kuliko ndugu zake. Wale weusi wengi wana mlezi mmoja tu, yeye anajaribu viota vya kadhaa. Huenda ndiyo sababu yeye kastawi ugenini na wao hawajastawi. Puerto Rico nako yupo, na huko anatajwa kumtagia mlezi mwingine, ambaye naye ni Mwafrika aliyeletwa.

#19 Mzee_wa_Wete
Assalaam aleikum. Nyie mnaistaajabia California, na sisi Pemba tunao shomoro wa Java tangu karne ya 19, mdomo mwekundu mnene, shavu jeupe. Wazee walituambia waliletwa kwa majahazi, ni ndege wa tundu. Kwa hiyo hoja ya mwalimu ina mguu.

Lakini tundu si lazima lifunguke kwa bahati mbaya. Wapo Wabudha wenye desturi ya kumnunua ndege na kumwachia kwa kutafuta thawabu. California wapo watu wa Asia wengi. Munia huenda aliachiwa kwa mkono.

#20 Dereva_LongBeach
Mzee, shikamoo. Hilo la kuachiwa lina wenzake. Pasadena kuna makundi ya kasuku wa kijani wenye paji jekundu, asili yao Mexico, jioni wanapiga kelele watu hawasikilizani. Kila mzee wa mtaa ana hadithi yake. Mmoja atakuapia duka la wanyama liliungua wakafunguliwa waokoke. Mwingine atasema ni wafanya magendo waliokuwa wanakimbia polisi. Mimi naona zote zinaweza kuwa kweli, kila kundi na siku yake.

#21 Wa_Naivasha
Naivasha tuko na kasuku wadogo waliotoroka, wa Tanzania wa aina mbili, wamechanganyika hadi huwezi kuwatofautisha. Waliuzwa kwa wingi sana wakiwa wazuri wa rangi. Watu wanawapenda lakini mashimo ya miti wanayoshika yalikuwa ya wengine.

#22 MamaZawadi_Anaheim
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Bustani ya jirani kuna kichozi kidogo sana, koo na kichwa vinang'aa waridi, kinanyonya maua kikiwa kimesimama hewani. Chozi nao wamefika?

#23 Fundi_Bustani_SD
Mama, huyo si chozi, ni ndege mvumaji, *Calypte anna*. Wavumaji wako Amerika pekee, Afrika hakuna hata mmoja. Chozi hupenda kutua kwenye tawi ndipo anyonye. Subiri Januari umwone dume akipanda juu sana na kujitupa chini, mwishoni unasikia mlio mkali. Mlio huo hautoki kooni. Watafiti wa Berkeley walionyesha mwaka 2008 kuwa ni nyoya za mkia zinazotetemeka kwa kasi ya hewa.

#24 MamaZawadi_Anaheim
Subhanallah. Kumbe ndicho kinachonishtua asubuhi.

#25 KOP_Likoni
Turudi kwa fumbwe. Mgeni akidoea dawa yake ni moja. Kenya 2024 serikali ilitangaza kuwaondoa kunguru milioni moja, na mimi niliunga mkono, kwa sababu wamemaliza vifaranga vya kila ndege pwani. California wasingoje hadi wafike huko.

#26 Fundi_Bustani_SD
KOP, huku mitego ipo tayari, ila ni ya doezi mwingine, *Molothrus ater*. Ni wa Amerika Kaskazini huyo, alikuwa anafuata nyati wa bara. Mifugo na mashamba vilipoenea akafika pwani ya California, na akawatagia ndege wasiomjua. Mmoja wao, *Vireo bellii* wa vichaka vya mitoni, aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1986. Walipotega madoezi na kurudisha miti ya mitoni, akaongezeka. Huyo nina sababu ya kumtega, kwa kuwa kifaranga chake kinakua upesi na kuwanyang'anya chakula wenye nyumba.

Fumbwe namwona tofauti. Kifaranga chake hakisukumi wenzake nje kama cha kekeo, wala hakiwaui kwa ndoana za mdomo kama cha mlembe. Na ndege wa jamii ya walezi wake hakuna hata mmoja aliye mzaliwa wa California. Pesa ya mtego ningeipeleka kung'oa haradali.

#27 Mwanachuo_SUA
Fundi, hapo nina shaka na wewe, kwa heshima. Umesema mwenyewe doezi yule aliwashika ndege wasiomjua. Fumbwe keshabadilisha mlezi mara moja ndani ya muda mfupi. Kizuizi gani kitamfanya asijaribu mwingine? Kinachotakiwa ni kuangalia viota, kupiga picha vifaranga vinapolishwa, na kuweka kumbukumbu eBird, ule mtandao wa kuandikisha ndege walioonekana. Sio kusubiri.

#28 KOP_Likoni
Ndiyo hiyo nasema mimi.

#29 Fundi_Bustani_SD
Kuangalia nakubali kwa mikono miwili. Kuua kabla ya kujua sikubali.

#30 Mkulima_Mbarali
Kwa hiyo bado hatujaambiwa alifikaje 😀 Upepo, meli, tundu, thawabu au moto wa dukani?

#31 Mwalimu_Biolojia
Tundu, mzee. Aliyelifungua ndiye hatumjui.

#32 BintiMvita
Mimi na meli yangu ya nafaka bado tupo.

#33 Kipanga_Irvine
Nawashukuru wote. Mwanachuo, nimekubali kazi yako. Munia nimeshawaona wakibeba nyasi kuingia kwenye mnazi wa mapambo karibu na maegesho, na fumbwe jike alikuwa kwenye waya uleule anautazama mnazi. Kama nitapata kifaranga kinalishwa nitaweka picha humu. Fundi, kuna la kuzingatia?

#34 Fundi_Bustani_SD
Usikae chini ya kiota, simama mbali na tumia darubini. Usichezeshe sauti za ndege kwenye simu ukiwa kwenye vile vichaka vya kijivu, hasa kuanzia Februari hadi Agosti, kwa sababu yule wa gramu sita anaacha mayai kuja kupigana na simu yako, na sheria inamlinda. Merlin, ile programu ya simu ya kutambua ndege kwa sauti, iache isikilize tu.

#35 MamaZawadi_Anaheim
Na mimi nataka kuja na wajukuu. Njia inapitika na kigari cha mtoto?

#36 Dereva_LongBeach
Inapitika, mama. Barabara ya Back Bay Drive upande wa mashariki ina lami, magari yanakwenda upande mmoja tu na polepole. Jihadhari na baiskeli. Njooni asubuhi, mchana jua halina kivuli pale.

#37 MamaZawadi_Anaheim
Shukrani mwanangu. Jumapili, inshallah.